Kuloweka, maji moto, magadi au presha: maharagwe makavu upike vipi Nakuru na magharibi?

Mpishi wa Mombasa akikuambia maharagwe yake huiva kwa saa moja na nusu bila kulowekwa, usimwite mwongo. Kule pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 96. Kakamega ni 95. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni 94, na ukipanda Molo unapoteza nyuzi nyingine mbili. Moto uuchochee upendavyo; maji yakishaanza kutokota joto lake halipandi tena, makaa ya ziada yanakutengenezea mvuke tu. Mtu wa nyanda za juu hupika kwa maji yaliyo baridi kidogo kuliko ya mwenzake, na punje ngumu huitambua tofauti hiyo.

Ndiyo maana swali la kuloweka halina jibu moja la nchi nzima. Nitalinganisha njia tano zinazotumika majumbani Nakuru, Kisumu na magharibi: kuloweka usiku kucha, kuloweka kwa maji moto, kutoloweka kabisa, sufuria ya presha, na magadi. Mwishoni nitamwongeza yule anayenunua yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama mboga, maana hiyo nayo ni njia, na si ya wavivu kama inavyosemwa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mwenye jiko la makaa au meko ya gesi na sufuria ya kawaida, kuloweka usiku kwa maji yenye chumvi kidogo kunazishinda zote. Ukiwa na presha, kuloweka kunakuwa hiari. Magadi nayaweka mkiani, na kwa mtu wa Nakuru nina sababu ya ziada ya kuyaweka huko.

Umri wa punje kwanza

Kabla ya kushindanisha njia, angalia unachopika, kwa sababu umri wa punje una nguvu kuliko ufundi wa mpishi. Magharibi, maharagwe ya mvua ndefu huanza kuvunwa Juni, na ya mvua fupi karibu na Desemba. Ukinunua soko la Chwele au la Luanda mwezi wa Julai, yakiwa yametoka kuanikwa tu, utayapika bila kuloweka na hutajuta. Ukinunua Aprili au Mei, wakati mashamba ndiyo yanapaliliwa na magunia sokoni ni ya zamani, hesabu inabadilika.

Maharagwe yanayokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevunyevu, kama zilivyo stoo nyingi za Kisumu na Busia, hupata ugumu wa aina yake. Yanakunywa maji vizuri, yanavimba, lakini hata yakitokota nusu siku, ukiyatafuna unakuta moyo wenye chembechembe. Madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya punje yamejishikiza kwenye pektini, ile gundi inayounganisha seli za mmea, na maji matupu hayaifungui kwa urahisi. Punje kama hiyo hata ukiiloweka siku mbili, utapata punje ngumu iliyolowa.

Dalili zinaonekana kwa macho. Aina ya Rosecoco ya msimu huu ina madoa mekundu juu ya krimu safi. Ikizeeka, krimu hugeuka hudhurungi. Aina ya Wairimu iliyozeeka hufifia mng'ao na kukaribia weusi. Muulize muuzaji bila aibu, "Mama, haya ni ya msimu huu?" na umtazame anavyojibu. Kibaya zaidi ni mchanganyiko. Maharagwe mengi yanayouzwa soko la Kibuye la Kisumu na Soko la Wakulima la Nakuru huwa yamepitia mikono kadhaa, mengine yakitoka Uganda kupitia Busia, na gorogoro moja linaweza kubeba mavuno ya misimu miwili. Hapo hakuna njia itakayokuokoa: nusu zitakuwa uji wakati nusu nyingine zinagonga meno. Afadhali ununue ya aina moja na rangi moja hata kama bei imezidi kidogo.

Aina nazo hazilingani. Maharagwe ya njano huiva haraka na wengi husema hayasumbui tumbo. Nyota, mbegu iliyotolewa na KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ilichaguliwa kwa kuiva upesi na kwa wingi wa madini ya chuma na zinki. Njahi ni ngumu na inahitaji kulowekwa bila mjadala. Ndengu, kunde na kamande usijisumbue. Zioshe, zitie jikoni.

Usiku kucha

Chagua, toa mawe na zile zilizotobolewa na fukusi, osha. Ikiwa yalihifadhiwa kwa dawa ya unga ya kuulia wadudu, osha kwa maji zaidi ya mara moja na usiyaonee huruma hayo maji. Kisha weka kipimo kimoja cha maharagwe kwa vipimo vitatu vya maji. Watu hukosea kwa bakuli dogo: punje hunywa maji hadi uzito wake kukaribia mara mbili, na asubuhi za juu zinakutwa zimechomoza nje ya maji, kavu na zenye mikunjo.

Muda wa saa 8 hadi 12 unatosha. Ukiloweka saa tatu usiku, saa tatu asubuhi yako tayari. Kujua kama yamelowa, kata punje katikati. Kusiwe na doa jeupe kavu ndani.

Tia chumvi. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita mbili za maji. Najua tumelelewa tukiambiwa chumvi huyafanya maharagwe yakatae kuiva, na bado kuna jikoni utakemewa ukithubutu. Lakini sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya ile kalsiamu kwenye ganda, na ganda hulainika bila kupasuka. Kinachokataza maharagwe kuiva ni uchachu: nyanya, limau, ukwaju. Nyanya zingoje mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili, ndipo ukaange kitunguu na uendelee.

Asubuhi, mwaga maji, suuza, weka mapya. Maji hayo yamebeba sehemu ya rafinosi na stakiosi, sukari ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huzila na kutoa gesi, na mwenye kutoa gesi anajulikana matatu nzima. Kuloweka hakuzimalizi, kunazipunguza. Kunapunguza pia fitati, ambayo huyakamata madini ya chuma na zinki yasisharabiwe na mwili. Kwa nyumba ambayo maharagwe ndiyo nyama ya kila siku, hilo si jambo dogo.

Hasara ipo. Sehemu ya vitamini za kundi B huenda na maji, na rangi pia. Wairimu ikimwagiwa maji yake hutoa supu iliyopauka. Anayependa mchuzi mzito mwekundu wa kuchovya chapati hatafurahi, nami namwelewa.

Mahali ulipo panabadilisha kanuni. Jikoni Kisumu mwezi wa Februari, maharagwe yakipitisha saa 12 huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Yabadilishie maji kabla ya kulala, au yaweke kwenye friji, au uyaloweke asubuhi, na jioni ukitoka kazini uyapike. Njoro na Molo, usiku wa baridi, maji hupenya polepole, na hata yakipitisha huo muda hayaharibiki upesi.

Maji moto, kwa aliyesahau

Umerudi nyumbani, wageni wanakuja kwa chakula cha usiku, hakuna kilicholowekwa. Chemsha maharagwe kwa dakika mbili au tatu, zima moto, funika, acha saa nzima. Mwaga, weka maji mapya, anza kupika.

Kwa kupunguza gesi, njia hii haiko nyuma ya ile ya usiku, maana maji moto huyeyusha zile sukari vizuri. Kwa moto, inakula zaidi: unachemsha sufuria ya maji, unaimwaga, kisha unachemsha nyingine. Maganda nayo hupasuka zaidi. Ni njia ya dharura nzuri; ukiifanya kila wiki, mtungi wa gesi utakukumbusha.

Bila kuloweka

Kwa maharagwe mapya ya Julai au Januari, ni sawa kabisa, na kwa ladha ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi. Supu inakuwa nzito, rangi inabaki, punje haipasuki hovyo. Anayepika chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, ya kuuza anajua wateja hufuata rangi.

Kwa maharagwe ya zamani, na hasa Nakuru, utapika saa tatu na kuendelea. Ukichagua njia hii, funika sufuria, punguza moto yakishachemka (kutokota kwa fujo hakuivishi haraka, nyuzi ni zile zile), na maji ya kuongezea yawe moto. Kila kikombe cha maji baridi unachomimina kinakurudisha nyuma, nawe ndiye unayelipia makaa.

Presha

Hapa mwinuko unapoteza makali yake. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani, na maji hupanda hadi karibu nyuzi 120 kabla ya kutulia. Nakuru hupungua nyuzi chache, lakini bado ni mbali na 94. Yaliyolowekwa huiva kwa dakika 15 hivi, yasiyolowekwa kwa dakika 40 hadi 50. Ukipika maharagwe kila wiki, kwa maoni yangu hakuna chombo kingine cha jikoni kinachojilipia upesi hivi.

Tahadhari ni mbili. Usijaze kupita nusu, kwa sababu povu la maharagwe huziba tundu la kutolea mvuke. Kijiko cha mafuta ndani husaidia kulituliza. Na mpira wa mfuniko huchakaa: mvuke ukianza kutoroka pembeni, badilisha mpira, usifunge kwa nguvu zaidi.

Wenye presha huniuliza kama bado kuna haja ya kuloweka. Kwa moto, haja ni ndogo. Kwa tumbo, ipo. Amua kwa kumwangalia anayekula.

Magadi

Yanachimbwa Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, na yamo kwenye vibanda vingi. Magharibi pana kawaida ya zamani inayofanana nayo: munyu wa kienyeji, unaochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambao kazi yake kubwa ni kulainisha mboga kama mrenda na kunde. Vyote viwili hufanya kazi kwa kuyapa maji uchungu wa alkali, na pektini huvunjika haraka. Kwa punje zile zilizozeeka zikawa mawe, alkali ndiyo inayofanya kile ambacho kuloweka hakuwezi.

Lakini kuna malipo. Alkali huua vitamini B1. Ukizidisha kidogo, maharagwe yana ladha ya sabuni na rangi inakuwa nyeusi. Na magadi ghafi yana floridi nyingi.

Hapo ndipo mtu wa Nakuru asimame afikirie. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiasi, ndiyo iliyoyapa meno ya wengi wetu ile kahawia, na ndiyo iliyofanya Dayosisi Katoliki ya Nakuru ianzishe kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke inabaki na kuzidi kukolea, na maharagwe yanayotokota saa tatu huku ukiongeza maji ya kisima yanaikusanya yote. Ongeza magadi juu ya hapo na unazidi kuiongeza kwenye sahani ya mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado hayajaota. Nakuru, loweka na upike kwa maji ya mvua kama una tangi, au yaliyochujwa. Kupika kwa muda mfupi, yaani kuloweka au presha, ni faida nyingine hapo hapo.

Kisumu, maji ya mfereji ya ziwa ni laini na hayana shida hiyo, kwa hiyo hofu inapungua, ingawa vitamini na ladha vinabaki palepale. Ukilazimika kutumia alkali, tumia soda ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa kilo moja ya maharagwe, uitie kwenye maji ya kuloweka, uyamwage, kisha upike kwa maji matupu.

Kwa anayetaka kuona kwa mkupuo, haya ni makadirio ya Rosecoco iliyokaa miezi michache, Nakuru. Kisumu punguza kidogo.

| Njia | Kungoja | Muda jikoni | Gesi tumboni |
|---|---|---|---|
| Usiku kucha | saa 8–12 | saa 1½ hivi | imepungua |
| Maji moto | saa 1 | saa 1½–2 | imepungua |
| Bila kuloweka | hakuna | saa 2½–3½ | kamili |
| Presha, yamelowekwa | saa 8–12 | dakika 15 hivi | imepungua |
| Presha, hayajalowekwa | hakuna | dakika 40–50 | kamili |
| Soda au magadi | saa 8–12 | saa 1 hivi | imepungua |

Wenye kikapu cha joto

Wengi magharibi wamejifunza kupika kwa kikapu kilichojazwa matambara au sponji, ambacho hushika joto baada ya sufuria kuondolewa jikoni. Kwa maharagwe kinafaa mno na kinaokoa makaa, ila kwa sharti moja lisilo na msamaha. Maharagwe mabichi, hasa mekundu makubwa, yana lektini, sumu ya asili ambayo hata punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha. Joto la kuchemka huivunja. Joto la vuguvugu haliivunji, na inasemekana na wataalamu wa usalama wa chakula kwamba joto la chini linaweza kuizidisha ukali. Kwa hiyo loweka, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 30 nzima, ndipo uingize kikapuni kwa saa tatu au nne. Asiyeloweka asitumie kikapu. Onyo hili linamhusu pia mwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole.

Kununua yaliyochemshwa

Kaptembwo na Rhonda mitaa ya Nakuru, Manyatta na Nyalenda mitaa ya Kisumu, jioni utamkuta mama mboga na sufuria kubwa ya maharagwe au githeri, anapima kwa kikombe. Mpangaji wa chumba kimoja anayekula peke yake akipiga hesabu kwa haki, mara nyingi hapa ndipo penye nafuu. Sufuria kubwa inagawana moto mmoja kwa watu arobaini. Wewe ukiwasha jiko lako kwa nusu kilo, makaa yanaweza kuzidi bei ya maharagwe yenyewe. Familia ya watu sita, hesabu inageuka.

Unachopoteza ni kujua kilichoingia. Hujui kama yalilowekwa, hujui kama kuna magadi, na zile tetesi za wapishi kutia dawa za maumivu ili viive haraka hazijawahi kuisha mitaani. Nunua kwa mtu unayemwona akipika. Muulize yamechemshwa leo au jana, nusa, na ukifika nyumbani yachemshe upya mpaka yatokote, usiyapashe tu.

Githeri ina sheria yake

Nyoyo, githeri, maenjera, ni mchanganyiko ule ule wa mahindi na maharagwe upande wowote uliotoka, na shida ni mahindi makavu, ambayo ni magumu kuliko maharagwe. Ukiloweka maharagwe peke yake na kuyatia pamoja na mahindi makavu, utapata mahindi mabichi ndani ya uji wa maharagwe. Loweka vyote, kila kimoja kwenye chombo chake, tanguliza mahindi jikoni saa nzima, kisha maharagwe. Kwa presha, mahindi yaliyokwisha kulowekwa yapikwe peke yake kwanza kwa nusu saa.

Na kwa kuwa moto wa kilo moja na wa kilo mbili haupishani sana, loweka gorogoro zima. Chemsha bila nyanya wala kitunguu, gawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja pamoja na supu kidogo, tia kwenye friza. Hukaa hata miezi mitatu. Kwenye friji ya kawaida usizidishe siku tatu au nne. Asiye na friji apike ya leo na kesho asubuhi tu, na kama ni maharagwe aina ya Mwitemania, ya leo peke yake, kwa sababu aina hiyo huchacha mapema kuliko nyingine.